Mama Mkwe Alinifukuza Jikoni, Sasa Anataka Nimfunge Kidonda

Admin, ficha jina langu kabisa, maana watu wa hapa Gatitu kazi yao ni kunusa mambo ya wenzao. Mimi ni nesi wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Nimehudumia wagonjwa wa kansa wodini kwa miaka minne, na Jumatatu hii naanza masomo ya kubobea katika kazi hiyo huko Nairobi. Ni mwaka mzima.

Mama mkwe wangu ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke anayejua kila kitu na haelewi lolote. Tangu nihamie wodi hiyo aliamini kansa inabaki mikononi kama harufu ya kitunguu. Kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya shemeji yangu, wake wote wa boma tuliingia jikoni kuponda mukimo wa viazi na mahindi. Nilipochukua mwiko akaninyang'anya mbele ya wageni.

"Wewe kaa huko nje! Hizo mikono zimetoka kushika watu wa huo ugonjwa, ati sasa ushike chakula ya watu?"

Wenzangu wakacheka, wale wale ambao hunipigia simu kuniuliza dawa ya kikohozi. Mume wangu alikuwa mlangoni. Ni mwalimu wa sayansi, anafundisha watoto wa watu magonjwa yanayoambukiza na yasiyoambukiza, lakini mbele ya mamake elimu yote humwishia. Alitazama viatu vyake. Baadaye akaniambia, "Si unajua Mami? Wachana naye tu." Mwanamume mzima!

Sasa sikieni. Jumanne ya wiki jana sikuwa kazini. Asubuhi mama mkwe akaja kwangu, akafunga mlango, akavua sweta. Titi la kushoto lilikuwa limepasuka kidonda, na juu yake amepaka uji wa kijani wa muuza miti shamba mmoja wa sokoni. Uvimbe aliujua tangu msimu wa kahawa uliopita, akanyamaza.

"Mtoto wangu," akasema. Miaka saba ya ndoa sijawahi kuwa mtoto wake. "Nifunge hapa, na usiambie mtu. Na hiyo shule wachana nayo. Ukienda, nani atakuwa akinifunga?"

"Mami, hii si ya kufunga kwa nyumba. Twende hospitali leo, na mtoto wako ajue."

Akanikazia macho. "Ukimwambia, nitasema ni wewe uliniletea. Nani atakataa? Wote wanajua kwenye unafanya kazi."

Nilimfunga. Tangu siku hiyo namfunga kila asubuhi, na kila asubuhi namwomba twende hospitali, anakataa. Jumapili alisimama kanisani akawaombea wanaoleta magonjwa kwa nyumba za watu, bandeji yangu ikiwa chini ya blauzi yake. Nikaitikia amina pamoja na wengine.

Sitawadanganya. Nilipoona kile kidonda, kitu cha kwanza kunijia hakikuwa huruma. Nilifurahi. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi, nikasema moyoni, haya, nani sasa ana mikono michafu? Mgonjwa mwingine yeyote ningemshika bega. Huyu namdharau hadi leo. Ni mjinga mwenye kiburi, yuko tayari kuoza mradi tu asiambiwe ukweli na mimi. Halafu mtu kama mimi ndiye anaenda kusomea kuwatunza watu wa kansa.

Nikimwambia mume wangu, atamwamini mamake na ndoa yangu imekwisha. Nikinyamaza niende zangu Jumatatu, huyu mama atakufa akiwa amepakwa majani.

Jana nikibadilisha bandeji aliniuliza, bila kunitazama, "Hii kitu huuma sana mwisho?" Nikamwambia sijui. Najua vizuri sana. Nishaurini, nifanye nini?