Siku Niliyolazwa kwa Sanda Niliyoishona Mwenyewe

Mpaka leo nikipita sokoni Mwisenge kuna akina mama wananiitaga marehemu, na mimi naitikia tu, kwa sababu ujinga niliufanya mwenyewe, tena mchana kweupe, siku ya Ijumaa.

Mimi ni fundi cherehani, na nashoneaga nguo kikundi cha maigizo cha vijana wetu hapa Musoma. Wale watoto wana vipaji jamani, igizo hawachukui la mtu, wanaandika wenyewe. Hili lilikuwa la Nyangeta, binti wa jirani yangu, na lilihusu fundi aliyefariki akaacha sare za shule za mtaa mzima hazijamalizwa. Vijana wote walikataa kuigiza maiti (eti mkosi), basi nikapewa mimi, mzee wao.

Shida ilikuwa baba yake Nyangeta. Alikuwa ameninunia miezi miwili, akisema nampoteza mtoto wake kwa upuuzi, na alishaapa kwamba Jumamosi binti haendi Butiama kwenye onyesho. Bila Nyangeta hakuna onyesho, maana yeye ndiye mwandishi na ndiye mwombolezaji mkuu.

Basi Ijumaa ile tukakuta ukumbi umefungwa, mwenye ufunguo kaenda Nyegina. Nikasema twendeni kwangu Kitaji, uani, mke wangu yuko Bunda kufuata vitambaa. Kijana mmoja akauliza kama tuwaambie majirani, nikamjibu, ya nini, ni dakika kumi tu.

Nikalala mkekani, wakanifunika sanda niliyoishona mwenyewe kwa ajili ya igizo, Nyangeta akaanza. Ndugu zangu, yule mtoto analia! "Fundi, umeondoka na vipimo vyetu, nani atatujua mabega?" Mwili ulinisisimka humo ndani ya shuka, nikasahau kabisa kwamba msikiti uko nyumba ya tatu na watu ndiyo kwanza wanatoka swala.

Kwetu kilio kikisikika hakuna anayeuliza, watu wanakuja. Nikasikia geti, nikasikia kanga zinafungwa viunoni, akina mama wakapokea kilio juu ya kilio cha vijana, na vijana wangu (nawasifu hata kwa hili) wakadhani ni watazamaji wamenogewa, wakazidisha. Kuja kushtuka, wanaume wa msikitini wanaingia na jeneza. Na huko Bunda mke wangu alishapigiwa simu ya pole, vitambaa vikamwanguka mikononi.

Hapo ningeinuka. Kweli nilitaka kuinuka, ila mtu akapiga magoti pembeni yangu, nikaitambua sauti ya baba Nyangeta.

"Fundi, ndugu yangu," akasema, "mwanangu ulimthamini kuliko mimi, nami nikakununia. Nisamehe."

Miezi miwili nilikuwa nayasubiri maneno hayo. Nikanogewa, nikabaki nimelala nisikie na mengine, mpaka akanifunua uso aniage, machozi yake yakanidondokea shavuni, na mimi mjinga neno likanitoka.

"Nimekusamehe."

Jeneza lilibwagwa hapo hapo, watu wakatimka. Uzio wa mabati upande wa pili uliangushwa wote, na imamu, mtu mzima yule, nilimwona anapita juu yake kanzu mkononi. Waliporudi nilisemwa mpaka nikatamani nife kweli, na jioni nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nikamalizia kwa mke wangu, ambaye alikuwa mkali kuliko imamu.

Baba Nyangeta yeye hakukimbia. Alibaki amepiga magoti, akamgeukia binti yake.

"Hayo maneno ya kilio umeyatoa wapi?"

"Nimeyaandika mimi, baba."

Aliinuka akakaa kwenye kigoda changu, akauliza gari la Butiama linaondoka saa ngapi.

Tangu siku hiyo nimeapa, sifi tena kabla sijawaaga majirani wote na imamu. Jumamosi Butiama nilikufa kwa ruhusa. Nyangeta alipofika pale pa mabega nikasikia mtu mzima analia kiti cha mbele. Alikuwa baba Nyangeta, na asubuhi ile tulikunywa chai meza moja akinicheka. Safari hii niliufunga mdomo wangu.