Shangazi Aliyenyonywa Titi Kavu

Dobi mmoja alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, viganja vimekauka kwa sabuni, makovu ya pasi hadi kwenye viwiko. Mumewe alingoja mtoto mpaka akachoka, na siku ya kufunga mizigo alimwambia, bila hata kupandisha sauti, "Nyumba yako ina kimya kingi mno." Tangu hapo akawa anafua nguo za watu, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Mdogo wake wa kiume, aliyemlea yeye mwenyewe baada ya wazazi kufariki, alipopata mtoto alimfuata kazini. "Dada, mke wangu anarudi dukani. Yaya wa kuokoteza hatumtaki. Tusaidie."

Aliizima pasi palepale.

Wifi yake aliuza kwenye duka la dawa. Mwanamke nadhifu, ulimi kama wembe. Asubuhi ya kwanza alimkabidhi mtoto na masharti juu yake: maziwa aliyoyakamua yapo kwenye friji, yapashwe ndani ya maji moto, nepi zipigwe pasi nje na ndani.

"Na zile nyonyo za mpira za kunyamazishia watoto, sitaki kuiona hata moja. Nawauzia watu kila siku, nazijua. Inaanguka chini, inafutwa kwenye nguo, inarudishwa mdomoni. Akilia, mbembeleze."

"Na asiponyamaza je, wifi?"

"Ah, wewe huwezi kujua. Mtoto hunyamaza."

Dobi akampokea mtoto.

Basi huyo mtoto alijua kulia! Alilia ameshiba, alilia mkavu, alilia amebebwa mgongoni. Jirani akagonga ukuta: "Jamani, mnamchinja?" Mchana mmoja, shangazi amemlaza kifuani, jasho linamtiririka, mtoto akahangaisha kichwa mpaka akalipata titi juu ya gauni, akaling'ang'ania na kitambaa chake. Shangazi alisita. Akatazama mlango. Akafungua vifungo.

Halikutoka hata tone, na mtoto hakujali. Alivuta, akavuta, macho yakalegea, akalala. Shangazi machozi yalimdondoka mpaka kidevuni, asithubutu kuyafuta asije akamwamsha. Kuanzia hapo mchana wao ukawa huo. Jirani akaacha kugonga ukuta.

Siku umeme ulipokatika mjini, duka la dawa lilifungwa mapema. Wifi aliingia akawakuta. Hakupiga kelele. Aliweka mkoba mezani, akamchomoa mtoto kifuani kama mtu anayechomoa waya ukutani, na mtoto akaangua kilio.

"Nilikataza nyonyo," alisema, "kumbe nimeileta ndani na kuipa kitanda. Hebu niambie, wifi, ulitegemea nini kitoke humo?"

"Hakitoki kitu. Analala tu."

"Hakitoki kitu." Wifi akacheka. "Hata mumeo aligundua."

Dobi akaanza kufunga gauni, kifungo kikagoma kuingia. Jioni mdogo wake aliyasikiliza yote huku akitazama viatu vyake. "Dada, labda... urudi tu kazini kwako," alisema. Akarudi. Jirani alikuwa amesikia kila neno, akalisambaza hadi dobini, na kabla ya mwisho wa wiki wenzake kwenye beseni walikuwa wanamwita Nyonyo, wakicheka mpaka kushika mbavu.

Mdogo wake akatokea tena dobini, macho mekundu. "Mtoto halali. Tumempa hizo za mpira, za kila rangi, anazitema."

Dobi akaweka sabuni chini. "Ngoja nivae viatu."

"Hapana, dada. Si wewe." Akakohoa. "Mke wangu anaomba lile gauni lako. Amesema usilifue. Tumfunike nalo, labda harufu..."

Dobi akaingia ndani, akatoka na gauni, akalitumbukiza kwenye beseni mbele yake. Akamimina dawa ya madoa. Akalisugua kifuani, kwenye vifungo, makwapani, kwa nguvu alizotumia kwa nguo za mafundi gereji. Akalikamua, akamtupia mikononi.

"Mpelekee. Mwambie ni safi, hakuna kijidudu hata kimoja."

Mdogo wake aliondoka likimchuruzikia maji suruali nzima. Wenzake wa beseni walishangilia, Nyonyo leo kapasua! Yeye hakucheka. Mtoto hakuwa amemkosea lolote, na alilijua hilo hata wakati anasugua. Baadaye alisikia kwamba mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, ndipo akaikubali ya mpira.

Alikutana na wifi yake sokoni, mtoto akiwa ameshaanza kusimama. Shangazi alimnyooshea mikono. Mtoto alimwangalia, akaficha uso begani kwa mama yake.

"Hapendi watu asiowajua," wifi alieleza, akapita.