Safi, Halijaguswa

Msasa alikuwa fundi wa bodi na rangi, na nikisema fundi, elewa fundi. Unampelekea gari lililobusu ukuta, ubavu umeingia mpaka kwenye kiti, ukirudi baada ya wiki tatu unaapa kwamba ni lingine. Alijua kunyoosha bati, kupaka puti ya kuziba mabonde na kupiga msasa mpaka kiganja kikipita hakisikii kitu. Ndiyo maana wakampa jina hilo, lile la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Sasa mtu huyu, miaka ishirini na sita akiremba magari ya wenzake, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: gari la spoti la Kijapani, milango miwili, jekundu, linalokaa chini utadhani linachuchumaa. Alilitaka tangu hajaoa.

Na la kununua lilikuwepo, tena karibu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mpima ardhi, alikuwa nalo hilohilo, na alikuwa analiuza apate pikapu ya kubebea vyombo vyake vya kazi. Mama Pacha, mke wa Msasa, akaona mambo yamejipa.

"Baba Pacha, si hilo hapo? Chukua la kaka."

"Nitaagiza Japani."

"Japani kuna nini? Gari utaliona kwenye picha, la kaka unaweza hata kulipiga teke!"

"Magari ya huku yamechoka na barabara."

"Yamechoka! Si wewe mwenyewe ulilikagua siku ananunua? Ulisema nini? Ulisema safi."

Msasa akakohoa, akaanza kutafuta kikombe chake cha chai, nacho kilikuwa mkononi mwake.

Maana ukweli, ndugu yangu, ulikuwa huu: gari la shemeji lilikuwa magari mawili. Mwenyewe wa kwanza, daktari mmoja wa meno, aligongwa na lori kwa nyuma, na hiyo nyuma ikabaki haifai hata kufugia kuku. Msasa akatafuta jingine lililogongwa mbele, akalikata, akaunga nusu na nusu chini ya viti, puti, msasa, rangi, kisha akasimama mbali akajipongeza. Miezi miwili baadaye daktari anauza. Mnunuzi nani? Shemeji. Na shemeji anamleta nani akague? Msasa! Daktari kasimama pale anatokwa jasho. Fundi akisema limeungwa, kajiharibia kazi na kamuumbua mteja. Akinyamaza, huyu ni ndugu wa mkewe. Akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, akakunja uso kitaalamu, akasema, "Safi. Halijaguswa." Ulimi hauna mfupa.

Tangu siku hiyo honi ya shemeji ikilia getini, Msasa alikuwa anakumbuka ana kazi karakana. Kupigwa hakuogopa. Aliogopa Mama Pacha ajue. Mwanamke huyu alikuwa akiwaambia dada zake, "Wangu ana kelele, na shuka zangu zote zina rangi, lakini uongo hajui." Ukishasifiwa hivyo miaka kumi na tano, utaanzia wapi?

Basi akaagiza. Mama Pacha akanuna siku tisa. "Kwetu kumekuwa kubaya, siyo?" aliuliza kila akipakua chakula, na akapakua kidogo. Wakala wa magari akaleta karatasi ya mnada gari liliponunuliwa kule Japani, maandishi ya Kijapani matupu, chini yake kamchoro ka gari kenye vialama. Msasa akaona mihuri, akaridhika. Akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Mgeni akiuliza ni nini, anajibu, "Cheti. Limefaulu."

Gari likaja. Wakala alilileta mwenyewe mpaka uani, na shemeji naye akafika na lake, yakasimama ubavu kwa ubavu, mekundu yote mawili. Msasa alicheka peke yake kama mtoto. Akalizunguka, na kwa mazoea akagonga. Mlango, bati tupu. Boneti, bati tupu. Madigadi ya nyuma kushoto ikatoa sauti nzito, bubu.

Akagonga tena. Bubu.

"Wezi!" akapiga ukelele. "Wezi wakubwa! Hapa pana puti! Tena kapaka mtu anayejua kazi! Yaani mtu na akili zake timamu anaficha kidonda, anamuuzia mwenzake, halafu usiku analala? Hana hata haya?"

Wakala hakubishana. Aliomba ile karatasi, na Mama Pacha akaileta na fremu yake. Wakala akaweka kidole kwenye mchoro. "Alama hii, fundi, nyuma kushoto, maana yake pamenyooshwa pakapakwa rangi. Na maneno haya pembeni yanasema lilikwaruza nguzo. Hawakukuficha. Nilitaka kukutafsiria, ukaniambia wewe huhitaji kutafsiriwa gari."

Shemeji alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamwonea huruma, akamwekea mkono begani. "Pole, shemeji. Ungechukua langu. Langu halijaguswa, ulilikagua mwenyewe."

Msasa akaitazama karatasi. Mtu wa ng'ambo, hamjui, hajala naye sahani moja, kamwandikia mpaka mkwaruzo wa nguzo. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na yakamtoka yote: lori, daktari wa meno, nusu na nusu.

Shemeji akapiga magoti, akachungulia chini ya gari lake. "Limeungwa wapi?"

"Chini ya viti."

"Mimi hili nimelikimbiza mia na arobaini."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa unanisimulia."

Msasa akasubiri kofi. Halikuja. Shemeji alibaki kwenye magoti, akiipimapima kwa vidole sehemu ile, kazi aliyopaswa kuifanya miaka miwili nyuma. Mama Pacha alikuwa bado ameikumbatia fremu.

"Likizo iliyopita pacha walikwenda na mjomba wao," akasema polepole. "Walikaa nyuma."

Msasa akatazama chini.

"Wewe ndiye uliyewafunga mikanda. Uliikaza mara tatu. Mimi nimesimama hapahapa mlangoni, najisemea, jamani, mume wangu anavyowapenda wanawe."

Msasa akatoa funguo za gari jipya mfukoni, akaziweka kwenye kiganja cha shemeji yake, akaenda karakana kuchukua msumeno wa chuma, wa kulikatia lile la nusu na nusu.