Sanduku la Maoni Lisilo na Mlango

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nasema uongo, ulikuwa mwaka uliofuata, maana jino langu la mbele lilikuwa limeshang'oka. Mkuu wa shule aliniita nimtengenezee sanduku la maoni. Mimi seremala, masomo yangu yaliishia darasa la nne. Nikipewa mchoro naufuata. Mchoro ulionyesha sanduku lenye upenyo juu, basi. Nikaliunda hivyo hivyo, nikaligongomea ukutani nje ya ofisi yake.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akifundisha uraia hapo hapo, darasa la sita. Watoto walimpachika jina la Mama Ibara, kwa kuwa hata ukimwomba akupishe mlangoni atakutajia ibara ya katiba. Hakupenda waimbe haki zao kama kasuku; alitaka wazitumie. Siku ya somo la uhuru wa kutoa maoni akamwambia kila mtoto aandike jambo linalomkera na atie jina lake, maana raia hajifichi. Karatasi arobaini na moja zikatumbukizwa sandukuni.

Mwezi ukakatika. Kila asubuhi wanamuuliza kama wamejibiwa. Akamwendea mkuu. Mkuu akasema wakaguzi walitaka kuliona sanduku, wameliona, yamekwisha.

Akanijia karakanani amefura.

"Kaka, hili sanduku linafunguliwa wapi?"

Nikamwambia mchoro haukuwa na mlango.

"Nawe ukaona sawa. Ukiletewa mchoro wa jeneza lisilo na kifuniko, utapiga misumari tu."

Nilicheka, lakini liliniingia. Kesho yake nikaenda na msumeno, nikalitoboa mlango, nikatia bawaba na kufuli. Mkuu alitoka akasimama akinitazama. Nilipomaliza akachukua funguo zote mbili, akanishukuru vizuri kabisa, akabeba karatasi zote ndani.

Asubuhi iliyofuata watoto waliitwa mstarini jina kwa jina. Karibu wote waliandika jambo moja: vyoo vipya vitafunguliwa lini? Vilikuwa vimekamilika tangu muhula uliopita, vikatiwa kufuli visichafuke kabla ya mgeni rasmi kuja kuvizindua. Vya zamani vilishajaa, na watoto walikuwa wanashinda bila kunywa maji ili wasihitaji kwenda. Mkuu akasema wameiaibisha shule. Wakapigishwa magoti juani mpaka saa sita.

Mama Ibara alisimama nao juani muda wote. Binti mmoja wa mstari wa mbele akamuuliza, wala si kwa kejeli, "Mwalimu, hii iko ibara ya ngapi?"

Jioni mdogo wangu alikaa juu ya benchi langu la kazi akichambua maranda ya mbao vidoleni, akasema ni yeye aliyewaambia watie majina. Nikamwambia ni mimi niliyetoboa mlango. Hatukufarijiana. Muhula mpya akaomba apewe hesabu. Somo la uraia akapewa mwalimu mwingine, na watoto wakarudi kuimba.

Kwenye kikao cha wazazi nilinyoosha mkono, mimi wa darasa la nne. Nikasema watoto wameshapiga magoti, hayo yamepita, lakini swali lao nimelibeba mimi sasa: vyoo vitafunguliwa lini?