Kereng'ende Aliyeyasalimia Maji

Mwezi uliopita nilirudi mtaa wa Ng'ambo, kwenye nyumba aliyotulelea bibi yangu, na kabla sijakaa nikamwona kereng'ende mwekundu ametua kwenye ukingo wa ndoo ya maji ya kisima, mabawa ameyainamisha mbele. Msomaji wangu, sikufurahi kumwona.

Nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wetu palikuwa na bwawa. Tulikwenda huko asubuhi na madumu, miguu ikizama katika tope baridi lililonuka majani yaliyooza, na kereng'ende walijaa kwenye matete: wekundu, wa zambarau, wa buluu iliyokaribia weusi. Baadaye nilisoma kwamba hao ni spishi za jenasi moja, na kwamba wote hutua vivyo hivyo, mabawa yameshuka, maji yawe safi au machafu. Kwa bibi, mdudu yule alikuwa anayasalimia maji, na maji yaliyosalimiwa yalikuwa salama. Alisema wapagazi wa misafara ndivyo walivyochagua mahali pa kunywa njiani. Shahidi wa jambo hilo sijampata hadi leo.

Mwaka ambao kisima cha mtaa kilikauka, mwalimu wetu wa sayansi alipita nyumba kwa nyumba. Bibi alikuwa akisonga ugali, mwiko hakuuacha.

"Shikamoo, mama. Maji ya bwawa yachemsheni, watu wanaharisha."

"Marahaba, mwanangu. Hayo yameshasalimiwa."

"Na nani?"

"Na mwenye macho makubwa kuliko hiyo miwani yako."

Jirani yetu, fundi cherehani, alicheka hadi akashika ubavu. Nasi watoto tulicheka.

Mdogo wangu wa kike alikunywa maji yale kwa kata, kama sisi sote. Adhuhuri alianza kuharisha. Kesho yake macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Tulimzika baada ya swala ya alasiri. Bibi hakumtaja tena kereng'ende. Tangu siku ile alichemsha kila tone, hata maji ya mvua, hata ya kuoshea vyombo, mpaka moshi ukamharibu macho.

Bwawa limefukiwa, juu yake pana nyumba na mafundi wa pikipiki. Matete hayapo. Wale wa zambarau sikumwona hata mmoja.

Nilipokuwa bado naitazama ndoo, mke wa mpwa wangu alichota kikombe ampe mwanawe.

"Umeyachemsha?"

"Aa, mjomba! Si huyo hapo kayasalimia?"

Nilimpokonya kikombe, nikamwaga, nikawasha jiko la mkaa mwenyewe. Bibi amekufa, mwalimu amekufa, fundi cherehani amekufa. Kauli ile ndiyo iliyobaki, na hakuna aliyeiuliza imetoka wapi. Mtoto alilia kwa kiu muda wote, nami nikakaa mbele ya sufuria, nikingoja ichemke.