Mwiko Kwenye Ukuta wa Mabati

Kati ya chumba changu na cha mwenye nyumba wangu pale Makina kuna ukuta wa mabati tu, na kwa muda mrefu ukuta huo ndio uliokuwa mazungumzo yetu. Nikizidisha gitaa, yeye hugonga kwa mwiko. Akigonga mara moja, maana yake punguza. Akigonga mfululizo, zima kabisa, nyumba ina wageni. Wajukuu zake humwita Haboba, ndivyo Wanubi wa Kibera wanavyomwita nyanya, na sisi wapangaji tukaiga.

Mimi ni mtoto wa Kawangware. Nililelewa kule, na mpaka leo kila Jumapili naenda kupiga gitaa kanisani kwetu. Lakini gitaa la kanisani ni la adabu: unamfuata mwimbaji, na mchungaji akisimama unanyamaza. Ndiyo maana nilipopata pedali nilikuwa kama ng'ombe aliyekata kamba. Pedali ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni, chenye vitufe vya kukanyaga na kioo kidogo. Unachomeka gitaa upande mmoja, na humo ndani sauti inakatwakatwa, inarudiwarudiwa, inashushwa au kupandishwa, kisha inatoka upande wa pili ikiwa kitu kingine. Wenzangu wa bendi ya kanisani walizitumia zao kutia mwangwi kidogo kwenye mapambio. Mimi nilitaka gitaa lisisikike kama gitaa. Nilitafuta sauti ya mvua inapoanza kwenye mabati, yale matone ya kwanza kabla watu hawajakimbilia nguo kwenye kamba. Nilitafuta sauti ya mafuta ya chapati yakipata moto. Mama yangu alipozisikia aliniuliza kama gitaa limeharibika, na kama aliyeniuzia anakubali kurudishiwa.

Haboba alikuwa mkali zaidi, na alikuwa na haki. Muziki ulikuwa wake kabla haujawa wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha doluka, zile nyimbo za ngoma ambazo wanawake wa Kinubi huimba harusini: yeye anaanza, wao wanaitikia, naye anaingia tena. Harusi ya Makina bila sauti yake ilihesabiwa nusu harusi. Alisimama mlangoni kwangu akasema mlio wangu unamuuma jino. Nilinuna siku nzima, maana mimi ukinichezea gitaa langu umenigusa mboni ya jicho, lakini nilipunguza.

Kisha mwiko ukanyamaza.

Mwanzoni nilivimba kichwa. Nikajiambia hatimaye nimemshinda, sikio lake limezoea, pengine hata ameanza kupenda. Nikawa naongeza sauti kidogo kidogo na hakuna anayegonga. Alasiri moja nikapata mlio wa juu sana, mwembamba, kama glasi inayosuguliwa kwa kidole, nikauacha uzunguke wenyewe. Jirani wa ng'ambo ya ua akapaza sauti kuuliza kama nataka kumwamsha mtoto wake au kumuua. Nikatoka kuomba radhi, na hapo ndipo nilipomwona Haboba. Alikuwa ameketi mkekani chini ya dirisha langu, spika yangu ya dirishani karibu imguse kisogo, anachambua mchele. Hakuwa ameinua kichwa. Simu yake ilikuwa inalia kando ya sinia, nayo hakuishughulikia. Treni ilipopita kwa mngurumo wake, akaangalia upande wa reli.

Nilirudi ndani nikaketi kitandani. Kumbe mzee wa watu hakuwa amenizoea, alikuwa hanisikii. Nilisikia uchungu kuliko nilivyotarajia, kwa mtu ambaye kazi yake kwangu ilikuwa kunigombeza.

Siku hizohizo nyumba ile ilikuwa na maneno. Mjukuu wake wa kwanza wa kike, ambaye alimlea mwenyewe, alikuwa anaolewa, na mchumba alikuwa kijana wa kwetu Kawangware, Mluhya aliyesilimu. Kila mtu alimtarajia Haboba aanzishe doluka. Akakataa. Alisema koo limekauka, wamtafute mwingine. Walipombembeleza akasema amechoka, wamwache. Msichana akaamua kwamba nyanya yake hamtaki kijana yule kwa kuwa si Mnubi, na shangazi zake, kama ilivyo kawaida ya shangazi, wakaliongezea jambo chumvi na pilipili. Akaacha kupitia kwa nyanya yake akitoka kazini. Tulikutana naye kwenye bomba la maji akaniambia, macho yamejaa machozi, "Si aniambie tu kama hampendi. Ntaolewa hata bila yeye, lakini itaniuma mpaka nizeeke."

Nilikuwa na jibu mdomoni, lakini siri haikuwa yangu. Nikabeba mtungi wangu wa maji nikaenda moja kwa moja kwa Haboba, nikaketi karibu na sikio lake, nikamuuliza waziwazi. Alikana. Alisema mimi ndiye ninayenong'ona, vijana wote wa siku hizi wananong'ona. Sikuondoka. Akanyanyuka, akafunga mlango.

"Ngoma naisikia," alisema. "Ngoma iko hapa." Akajigusa kifua. "Ni wale wanawake siwasikii. Wakiitikia, sijui wamemaliza au bado. Nitaingia katikati yao mbele ya watu wote, mbele ya wakwe. Afadhali waniite mkali kuliko waniite kiziwi."

Nilimwambia kwamba mjukuu wake haoni ukali, anaona chuki. Hilo lilimchoma, nikaona. Hata hivyo alinikataza kumwambia mtu yeyote, nami nikaapa.

Kesho yake nilimpelekea pedali, gitaa, na hedifoni zangu kubwa, nikamvalisha juu ya mtandio wake. Nilipiga noti za chini kabisa, kisha nikapanda polepole, naye alikuwa anainua kidole akisikia. Kwa muda mrefu kidole kilikuwa juu. Halafu pale sauti ilipofika wanapoimbia wanawake kidole kikaanza kusitasita, na juu zaidi kikalala pajani kabisa. Nikarudia, nikarudia tena, na kila mara kililala palepale. Miezi mingi nilikuwa nakanyaga vitufe vile kuharibu sauti nzuri kwa makusudi, nami nilijivunia sana. Sasa nilikuwa nagusa kila kimoja taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

Ndipo nikakumbuka kwamba pedali haibagui. Inashusha chochote unachoichomekea. Niliazima maikrofoni ya kanisa, nikaichomeka mahali pa gitaa, nikateremsha sauti mpaka pale kidole chake kilipokuwa hakisiti, nikamwimbia pambio. Sauti ikaingia nyembamba na kutoka nene kama ya mchinjaji wa Dagoretti. Haboba alishtuka, kisha akacheka, akanitajia maneno ya pambio lote, neno kwa neno, na kuongeza kwamba dini yetu ina nyimbo fupi. Halafu kicheko kikaisha. Alikaa ameshika hedifoni kwa mikono miwili.

"Mwite," akasema.

Mjukuu alikuja mikono ameikunja kifuani, amejiandaa kwa ugomvi. Alimkuta nyanya yake amevaa hedifoni juu ya mtandio, waya umetambaa mkekani mpaka kwenye kisanduku cha taa nyekundu. Nikampa maikrofoni. Akaniuliza ni mchezo gani huu, na swali lake likapita moja kwa moja kwenye masikio ya Haboba, ambaye akainua mkono kumsimamisha.

"Sema tena."

Msichana alinitazama, kisha akamtazama yeye, na nikaona uso wake unabadilika kadiri anavyoelewa. Alipiga magoti mkekani. "Haboba," alisema kwenye maikrofoni, "kumbe ulikuwa hunisikii?"

"Sasa nakusikia. Una sauti ya marehemu babu yako."

Walicheka wote wawili, na wote wawili walikuwa wanalia, nami nilijifanya nafunga waya ambao haukuhitaji kufungwa. Kisha msichana akauliza lile lililomkaa rohoni wiki zote hizo, yaani kama nyanya yake anamchukia mchumba wake.

"Nitamchukia vipi," Haboba akasema, "na hata jina lake sijalisikia vizuri? Kila mkilitaja naitikia tu. Hebu litaje, polepole."

Msichana akalitaja. Haboba akalirudia mara mbili, akalikubali.

Siku ya harusi pedali ilibaki nyumbani. Nani angeweka nyaya katikati ya miguu ile yote inayocheza? Haboba alianzisha doluka kwa koo ambalo halikuwa limekauka hata kidogo. Bibi harusi aliketi ubavuni pake, na mtu akitulia kuangalia angeona mkono wake juu ya goti la nyanya yake. Wanawake wakimaliza kuitikia, mkono unagonga, naye Haboba anaingia. Hakukosea hata mara moja. Shangazi walisema mabibi harusi wa siku hizi hawajui kutulia.

Siku hizi Haboba ana kifaa kidogo nyuma ya sikio. Waliompeleka hospitali kupimwa ni mjukuu wake na yule kijana wa Kawangware, na nasikia ni kijana ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali kukivaa. Analalamika kwamba sasa anasikia hata vitu ambavyo hakuwa na hamu ya kuvisikia, kama vile wapangaji.

Juzi nilikuwa bado nahangaika na yale matone yangu ya mvua, yale ya kwanza. Nilikuwa nimekaribia kabisa kuyapata wakati mwiko ulipogonga ukuta, mara moja, kwa hasira. Nikapunguza haraka. Kisha nikainama, nikaongeza tena kidogo, nikangoja anigongee.