Mwanangu na Cheti cha Jando

Uvumilivu wangu uliniishia jikoni kwetu, mtaa wa Albert Park, shemeji aliponipa cheti cha daktari huku akitabasamu kama ameniletea zawadi.

"Makoti, acha wasiwasi." Kwao Wakhosa mke wa ukoo ni makoti tu, hata azae wangapi. "Serikali ilishaweka sheria. Bila kupimwa na daktari, kijana haingii jandoni. Wako amepimwa. Iko sawa."

Nikasoma. Mwanangu, niliyemzaa nikiwa bado shule na kuja naye kutoka Bukavu kabla sijaolewa na mdogo wake shemeji, amechunguzwa mwili mzima. Anafaa kutahiriwa.

Nikacheka mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaanza kuungua. Huyu alitahiriwa akiwa mchanga, hospitali ya Bukavu, kama wavulana wote wa kwetu. Daktari alichunguza nini, masikio?

"Alikuvua suruali?" nikamuuliza mwanangu.

"Hapana, mama. Aliuliza kama nina kikohozi, akagonga muhuri."

Shemeji akakuna kichwa. "Kumbe alishakatwa? Eish. Basi kule porini watamrudia kidogo tu."

"Watamrudia? Ni ukucha huo, umeota tena?"

Mume wangu, ambaye kiwandani Mobeni anawafokea wanaume wazima, mbele ya kaka yake alikuwa anapanga sahani.

Mila yao siitukani. Mume wangu aliipitia akarudi mzima. Lakini kila msimu wa baridi redio inatangaza vijana waliokufa porini, vidonda vimeoza, na sheria iliwekwa kwa ajili yao. Sasa mlinzi wa sheria anapima watu kwa kuwatazama usoni!

Blanketi jipya la jando alilonunua shemeji nikalitandika kwenye kitanda cha binti yangu. "Haendi," nikamwambia shemeji. "Chakula kiko tayari, karibu."

Asubuhi nilikuwa ofisi ya afya mjini. Karani akaniuliza, "Dada, mtoto ameumia?"

"Bado."

"Sasa unalalamikia nini?"

Nikaomba kalamu, nikaandika: *Daktari wa mtaa wa Sydenham aliyetoa cheti hiki amethibitisha kwamba alimchunguza mwanangu na kwamba anafaa kutahiriwa. Mwanangu ametahiriwa tangu uchanga. Naomba daktari achukuliwe hatua, na kila kijana aliyepewa cheti na daktari huyo apimwe upya kabla hajaingia porini. Safari hii avuliwe suruali.*